Waache Walivunje, Kisha Walijenge Upya

Kazi yangu ya kuelimisha walimu na wazazi kuhusu uhandisi imenifikisha katika madarasa mengi, na kuna jambo moja ambalo huniumiza kila ninapolikuta. Madaraja madogo ya vijiti vya mbao yamepangwa juu ya meza, yamepakwa rangi, yamebandikwa majina ya walioyajenga, na mbele yake kuna karatasi iliyoandikwa "Usiguse". Mwalimu ananieleza kwa fahari kwamba mradi umekamilika na alama zimeshatolewa. Nauliza daraja hili linabeba kilo ngapi. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliwekea hata kitabu kimoja.

Hiyo ni kazi ya mikono, na ina thamani yake, lakini bado haijawa uhandisi. Uhandisi huanza pale kitu kinapopewa kazi kikashindwa, na aliyekijenga akatakiwa aeleze kimeshindwa wapi na kwa nini, kisha akajenga kingine kilicho bora kwa sababu anayoweza kuitaja. Kwa hiyo nawasihi walimu: kila mradi wa usanifu uwe na ujenzi wa pili. Muda usipotosha, punguzeni idadi ya miradi. Mradi mmoja uliojengwa mara mbili unamfundisha mwanafunzi mengi kuliko miradi mitatu iliyojengwa mara moja moja.

Mambo huanza kuharibika mapema, kwenye swali lenyewe. "Jengeni daraja" haitoshi, maana haina kipimo wala mpaka. Sema hivi: daraja livuke pengo la sentimita 40 kati ya meza mbili, litumie vijiti visivyozidi 60 na gundi ya mbao tu, lisigandishwe kwenye meza, na mzigo uning'inizwe katikati. Hapo mwanafunzi anakutana na hali halisi ya mhandisi, ambaye sikuzote hupewa vifaa vichache kuliko anavyotamani. Mshindi naye asiwe yule aliyebeba kilo nyingi tu. Gawanya mzigo kwa uzito wa daraja lenyewe. Daraja la gramu 100 lililobeba kilo 6 limebeba mara 60 ya uzito wake. La gramu 250 lililobeba kilo 10 limebeba mara 40 tu, hata kama kwa macho ndilo linaloonekana shujaa. Hesabu hiyo fupi inaondoa tabia ya kurundika vijiti na gundi bila kufikiri.

Michoro ije kabla ya gundi, na iwe na vipimo. Kila kundi lichore angalau miundo miwili na liandike kwa nini limeuacha mmoja. Baada ya hapo wajenge.

Siku ya jaribio ndiyo siku kubwa. Shule isiyo na mawe ya mizani isihofu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ndoo na chupa ya nusu lita iliyo na alama vinatosha kabisa. Pimeni ndoo tupu kwanza, au kadirieni uzito wake na muutumie uleule kwa makundi yote. Ining'inizeni katikati ya daraja, mimineni nusu lita, subirini sekunde 10, andikeni, mimineni tena. Kabla ya tone la kwanza, kila mwanafunzi aandike mambo mawili kwenye daftari lake: anadhani daraja litabeba kiasi gani, na anadhani litaanza kuvunjikia wapi. Mtu aliyeshaandika utabiri wake huangalia kwa jicho jingine kabisa. Mmoja arekodi kwa simu akiwa ubavuni mwa daraja, kwa sababu kuvunjika hutokea haraka kuliko macho, na picha ikipunguzwa kasi huonyesha kijiti kilichotangulia. Mara nyingi si kile ambacho kila mtu alikinyooshea kidole.

Kisha vipande viokotwe, visitupwe. Hapa ndipo ninapowaomba walimu wakae kwa muda mrefu, kwa sababu vipande vinaeleza mengi kwa anayejua kuvisoma. Tuseme kiungo kimeachia. Tazama pale kilipoachia: ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki kwenye gundi, basi gundi ilikuwa imara kuliko kijiti, na kosa litafutwe kwingine. Ukiona uso laini unaong'aa, gundi ndiyo iliyoshindwa. Huenda vijiti havikubanwa, au daraja lilijaribiwa kabla ya kukauka. Gundi nyingi za mbao huhitaji saa 24 hivi kufikia nguvu yake kamili, na vibanio vya nguo vinatosha kushikilia viungo kwa muda huo. Pengine pia vijiti viligusana ncha kwa ncha, ambapo eneo la gundi ni dogo mno, badala ya kulaliana ubavu kwa ubavu.

Au tuseme viungo vyote ni vizima, ila daraja limelala upande kama boksi lililokanyagwa. Huo ni ugonjwa wa mraba. Unganisha vijiti vinne kwa pini kwenye pembe zake, sukuma kidogo, na mraba unalala. Unganisha vitatu, sukuma uwezavyo: umbo la pembetatu haliwezi kubadilika mpaka kijiti kimoja kirefuke au kifupike. Ndiyo sababu madaraja mengi ya chuma yamejaa vyuma vya mshazari. Kumwambia mwanafunzi jambo hili ni rahisi, naye atalisahau. Akilishika mkononi muda mfupi baada ya daraja lake kulala, halisahau.

Kuna kosa la tatu, nalo ndilo ninalolipenda zaidi kulifundisha. Daraja likibebeshwa mzigo katikati, vijiti vya chini huvutwa na vya juu hugandamizwa. Kijiti chembamba kinachogandamizwa hakisagiki. Kinapinda kuelekea ubavuni na kuruka. Katika karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba ukiongeza urefu wa nguzo nyembamba mara mbili, mzigo unaoweza kuipinda unashuka hadi robo. Geuza hesabu hiyo: ukikishika kijiti katikati ili kisiweze kupinda hapo, umekifanya kibebe hadi mara nne. Wanafunzi wengi, wakiona sehemu ya juu imepinda, hukimbilia kuongeza vijiti kila mahali. Kumbe vijiti viwili vifupi vya kushikilia katikati vingetosha, tena kwa uzito mdogo. Wakibisha, wape karatasi moja. Ikisimamishwa ilivyo inaanguka; ikiviringishwa kuwa bomba na kufungwa kwa gundi ya utepe, inabeba vitabu kadhaa. Karatasi ni ileile, kilichobadilika ni umbo.

Katika ujenzi wa pili kuna sharti ninalolisimamia kwa nguvu: kila kundi libadilishe jambo moja tu, au mawili kwa uchache wa muda, na liandike kabla kwa nini. Ukibadilisha kila kitu kwa mpigo hutajua kilichokusaidia. Ndugu Wilbur na Orville Wright waliishi kwa nidhamu hii. Mwaka 1901 ndege yao isiyo na injini iliwavunja moyo, kwa kuwa mbawa zake hazikutoa nguvu ya kuinua waliyoitegemea kutokana na majedwali ya wakati ule. Badala ya kujenga ndege nyingine kubwa kwa kubahatisha, walitengeneza sanduku refu la mbao lenye feni, na ndani yake mizani iliyoundwa kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoku za baiskeli. Humo walipima maumbo ya mbawa ndogo yapatayo 200. Ndege yao ya 1902 iliruka vizuri, na tarehe 17 Desemba 1903 ile yenye injini ikapaa kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Kifaa chao cha kupimia hakikuzidi uwezo wa karakana ya shule.

Kuhusu makundi, watu watatu au wanne wanatosha. Wakizidi hapo, mmoja hushika mkasi na wengine hutazama, na mara nyingi wanaotazama ni walewale: wapole, na katika madarasa mengi niliyoingia, wasichana. Mwalimu abadilishe kazi kila kipindi ili kila mkono ukate, ugundishe na upime. Miwani ya kukinga macho ivaliwe wakati wa kuvunja, maana vijiti huruka, na miguu isiwe chini ya ndoo.

Alama nazo zifuate lengo. Mimi hupendekeza nusu yake iende kwenye daftari: michoro, utabiri, vipimo, maelezo ya kilichovunjika na sababu ya badiliko. Kundi ambalo daraja lake la pili lilibeba kidogo kuliko la kwanza, lakini likaeleza kwa usahihi kwa nini, limefanya kazi nzuri na listahili kujua hivyo.

Mzazi pia ana sehemu yake. Najua inavyouma kumwona mtoto akihangaika na kiungo kilichopinda usiku wa kuamkia jaribio, nawe unaweza kukinyoosha kwa dakika mbili. Usikiguse. Mpe mwanga, mpe nafasi mezani, mshikie rula akikuomba. Na akirudi kesho na mfuko wa vijiti vilivyovunjika, usianze na swali la alama. Muulize kilianza kuvunjika kipi, kisha mwache avipange mezani akuonyeshe.