Pitbull nyumbani: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Mbwa wangu anaitwa Asali, pitbull jike, ana miaka minne, na kila nikipita naye hapa Arusha kuna watu wanahamia upande wa pili wa barabara, siwalaumu kwa kweli, maana kabla sijamchukua mimi mwenyewe niliamini karibu yote wanayoamini. Naandika haya kwa sababu mbwa hawa wanateswa kwa maneno ya watu, na watoto pia wanaumia kwa maneno hayohayo.

"Taya lake likishauma linajiloki"

Hakuna kitu hicho jamani. Taya la pitbull halina komeo, mifupa na misuli yake imekaa kama ya mbwa wengine. Kilicho kweli ni kwamba ana nguvu na ni mbishi wa kung'ang'ania. Asali tukivutana naye kamba ya katani anafumba macho, miguu ya mbele inachimba mchanga, unaweza ukasema haachii mpaka kesho, halafu nikisema "achia" anaachia, kamba inaanguka chini imelowa mate. Tumelifundisha hilo neno tangu akiwa mdogo, kila siku, kwa vipande vya maini.

"Ukitaka awe mlinzi mpe damu mbichi na pilipili, mfunge mnyororo mchana kutwa"

Hii ndo inaniuma kuliko zote. Damu haimfundishi mbwa kulinda nyumba, na pilipili inamchoma tumbo tu na kumharisha. Mnyororo ndo mbaya zaidi, mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia kwa hiyo kila anayemsogelea anamuona tishio, na siku mnyororo ukikatika wa kwanza kukutana naye anaweza akawa mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake, halafu watu watasema si mnaona, pitbull ndo walivyo! Mtoto wa mbwa anaizoea dunia mapema sana, kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka kama ya 14, huo ndo wakati wa kumuonyesha bodaboda, watoto wanaopiga kelele, mzee mwenye mwamvuli. Sisi Asali tulimpata muda huo umeshapita, alifungiwa bandani huko alikotoka, akawa anamfokea mtu yeyote aliyebeba ndoo kichwani. Mke wangu akawa anatoka naye kila asubuhi, wanakaa mbali na bomba, wiki inayofuata wanasogea kidogo, ilituchukua miezi mitano mpaka akaweza kulala palepale kwenye foleni ya maji.

"Wameumbwa kuchukia watu"

Ukoo wao ulianzia Uingereza. Mchezo wa kumpambanisha mbwa na fahali ulipigwa marufuku mwaka 1835, wacheza kamari wakahamia kupiganisha mbwa kwa mbwa kwa siri, walikuwa wanachanganya buldogi na teria wapate mbwa mwepesi mwenye nguvu, baadaye akapelekwa Marekani. Kwa hiyo ugomvi na mbwa wenzake kwa baadhi yao upo, usijidanganye, Asali na jogoo wetu wanalala kivuli kimoja ila akitokea mbwa dume asiyemjua nafupisha kamba mara moja. Lakini kugombana na mbwa na kushambulia mtu ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2007 kule Virginia, Marekani, polisi walikamata pitbull kama 50 kwenye shamba la Michael Vick, mchezaji maarufu wa futiboli ya Kimarekani, alikokuwa anawapiganisha, wapo waliotaka wote wauawe, badala yake wakapimwa mmoja mmoja na wengi wakapata familia, wengine wakaishia kuwaliwaza wagonjwa. Na utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 uliotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Science ulionyesha aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

"Ni yaya wa asili, muache na mtoto"

Huu uongo tunausambaza sisi tunaowapenda, na unaweza kuua. Hakuna historia ya kweli ya pitbull kuwa yaya. Dume anafika kilo 27 hivi, zote msuli, hata akicheza tu anamuangusha mtoto wa miaka mitatu. Binti yetu anamlalia Asali tumboni wakiangalia katuni, ila mtu mzima yupo chumba hichohicho, nikienda chooni naondoka na mbwa. Na Asali akila hakuna mtoto anayemsogelea.

"Masikio yasipokatwa sio pitbull orijino"

Ni maumivu ya bure. Ukitaka kujua unachonunua omba kumuona mama yake, akikuangalia kwa utulivu hapo kidogo una pa kuanzia.

"Mbwa wa getini hapati kichaa"

Anapata, paka mmoja au mbwa wa mtaani akipenya chini ya geti inatosha. Asali anachanjwa kila mwaka, kadi yake tunaiweka pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Na ukiumwa na mbwa yeyote, hata wako, hata kama ni mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake majivu wala mafuta ya taa, nenda hospitali siku hiyohiyo.