Kwa nini amoniamu hukwama nusu njia

Maji ya machinjio, pamoja na maji yanayobaki juu baada ya tope la vyoo kutulia, huwa na amoniamu, yaani nitrojeni itokanayo na damu na mkojo, nyingi kuliko maji machafu ya kawaida ya nyumbani. Miligramu mia kadhaa za nitrojeni kwa lita si ajabu. Hapa Bukavu, mji wa miteremko, yakiachwa huishia Ziwa Kivu. Wanaotaka kuyasafisha huniuliza kwanza bakteria zitapatikana wapi, nami huona swali hilo halipo mahali pake, kwa sababu bakteria zimo tayari katika udongo na tope lenyewe. Kinachopungua ni bikabonati, chumvi inayozima asidi majini.

Penye oksijeni, Nitrosomonas na jamaa zake hugeuza amoniamu kuwa nitriti, kisha Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati. Pasipo oksijeni, bakteria nyingine huitumia nitrati hiyo kupumua huku zikila kaboni, na nitrojeni hurudi hewani ikiwa gesi. Hatua ile ya penye oksijeni, hadi nitrati, ndiyo ghali: kila gramu ya nitrojeni hudai gramu 4.57 za oksijeni, nasi tunaishi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako maji ya nyuzi 20 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.6 hivi kwa lita, wakati pwani hushika 9.1. Kipuliza hewa kilichokadiriwa kwa majedwali ya pwani hakitatosha huku.

Hata hewa ikitosha, kila gramu ya nitrojeni hula gramu 7.14 za ualkali, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, ukihesabiwa kama kalisi kabonati. Damu na mkojo vikioza huacha bikabonati moja kwa kila amoniamu, ilhali kuioksidisha amoniamu hiyo kunadai mbili. Kwa hiyo, ikiwa maji yenyewe hayana akiba, pH hushuka, yaani maji huwa na asidi, na karibu nusu ya amoniamu hubaki ilivyo. Mwendeshaji huona tangi linabubujika na harufu imepungua, lakini kipimo cha amoniamu kimekwama hapo nusu; akiongeza hewa, anachoma mazutu bure.

Hapo Goma na Bukavu hutofautiana. Goma huvuta maji yake ziwani, na maji ya Kivu yana bikabonati nyingi, pH yake ikikaribia 9. Bukavu hutegemea zaidi mto Murhundu, na maji ya mito ya milimani kwa kawaida hayana akiba hiyo.

Chokaa inasaidia, lakini mimi hupendelea kutanguliza tangi lisilo na hewa. Nitrati ikirudishwa humo kwa pampu, hukutana na maji mabichi yenye kaboni tele ya damu, na kila gramu inayoondolewa hurudisha gramu 3.57 za ualkali, yaani ile nusu iliyokosekana. Ukirudisha mara nne ya maji yanayoingia, takriban asilimia 80 ya nitrati huondoka. Iliyobaki hugeuka gesi kwenye tangi la kutulizia: vipande vya tope hupanda juu vikiwa vimejaa viputo vidogo vya gesi. Tope hilo halijafa. Limekaa mno bila kuvutwa.

Zipo pia bakteria za anamoksi, zinazounganisha amoniamu na nitriti bila oksijeni wala kaboni. Ziligunduliwa Uholanzi miaka ya 1990, tangi kubwa la kwanza likaanza Rotterdam mwaka 2002, na kazi yao imeshapimwa hata katika Ziwa Tanganyika. Kule kukwama nusu njia kungezifaa sana, ikiwa nusu iliyogeuzwa itaishia kwenye nitriti, kwani zinahitaji zote mbili. Lakini huchukua kama siku 11 kuongezeka maradufu, na hupenda joto la zaidi ya nyuzi 30. Kwa umeme wetu unaokatika, naanza na matangi mawili, na ualkali upimwe kila asubuhi kabla ya pH.