TIPS: kodi ya fedha ambayo bado hujaishika

Kila msimu wa kodi hapa Marekani, swali moja hunijia kutoka kwa wateja walionunua hati fungani za Hazina zinazofuata mfumuko wa bei: "Mbona nadaiwa kodi ya hela ambayo sijaipokea?" Ni swali la haki kabisa. Jibu lake linafaa kujulikana kabla ya kununua, si baada ya fomu kufika.

Hati hizi zinaitwa TIPS. Hazina ilianza kuziuza mwaka 1997, na sasa hutolewa za miaka 5, 10 na 30, kuanzia dola 100. Waliozoea hati fungani za Benki Kuu ya Tanzania wanaijua hesabu ya kawaida: umeweka milioni kumi, unapokea riba ileile kila nusu mwaka, na hati ikiiva unarudishiwa milioni kumi, hata kama wakati huo hazinunui tena kile zilichokuwa zikinunua. Kwenye TIPS asilimia ya riba haibadiliki, ila mtaji wenyewe hupanda na kushuka kwa kufuata Fahirisi ya Bei za Mlaji, kipimo cha mfumuko wa bei, kwa kuchelewa kama miezi mitatu. Riba ya kila miezi sita hupigwa juu ya mtaji huo uliorekebishwa. Bei zikishuka, mtaji nao hushuka, lakini siku ya kuiva hulipwi chini ya mtaji wa mwanzo.

Sasa tuingie kwenye kodi. Tuchukue dola 10,000, riba ya asilimia 1, na mwaka ambao bei zimepanda kwa asilimia 8. Mwaka ukiisha mtaji umefika dola 10,800. Riba uliyolipwa, kwa awamu zake mbili, ni kama dola 106. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayahesabu yote mawili, nyongeza ya mtaji na riba, kuwa mapato yako ya mwaka huo: dola 906. Kama uko kwenye daraja la kodi la asilimia 22, unadaiwa karibu dola 199. Umepokea 106 tu, kwa hiyo 93 zilizobaki unazitoa mfukoni, na ile 800 utaiona hati itakapoiva au utakapoiuza.

Angalia pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Ili ubaki na uwezo uleule wa kununua ulihitaji dola 10,800. Ukishalipa kodi unabaki na 10,707. Kinga ilifanya kazi yake, kisha kodi ikaimega. Na mfumuko ukiwa mkali zaidi, ndivyo inavyomegwa zaidi. Kwa maoni yangu sheria hii haimtendei haki mwekaji mdogo, kwa sababu ile 800 si faida, ni fidia ya thamani iliyopotea. Uingereza, ambayo imekuwa ikitoa hati za aina hii tangu 1981, mwananchi wa kawaida hutozwa kodi kwenye riba tu. Nyongeza ya mtaji inayotokana na mfumuko haiguswi.

Kwenye makaratasi, riba huja kwenye fomu 1099-INT, kisanduku cha 3, na nyongeza ya mtaji huja kwenye 1099-OID, kisanduku cha 8. Wengi hujaza ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Kumbuka pia kwamba zote mbili hazitozwi kodi ya jimbo, kwa hiyo anayeishi California au New York azitoe kwenye ritani (fomu ya mapato) ya jimbo, la sivyo analipa asichodaiwa. Na kila nyongeza uliyokwisha kuilipia kodi huongeza gharama yako ya ununuzi, ile inayotolewa kwenye bei ya kuuzia ili kupata faida inayotozwa kodi. Siku ya kuuza, hakikisha dalali wako ameihesabu hivyo, maana usipoangalia utalipia shilingi ileile mara mbili.

Dawa ya yote haya ni kuziweka TIPS ndani ya akaunti ya kustaafu: IRA, ambayo mtu hujifungulia mwenyewe, au 401(k) ya mwajiri, kama inaruhusu. Humo nyongeza ya kila mwaka haitozwi. Kwa IRA ya kawaida unalipa kodi unapotoa fedha. Kwa Roth, ambayo huwekwa fedha zilizokwisha kutozwa kodi, ukifuata masharti yake hulipi.

Kinga hii haizuii bei ya soko kuyumba. Katika mwaka ulioishia Juni 2022 bei Marekani zilipanda kwa asilimia 9.1, lakini aliyenunua TIPS za muda mrefu mwaka 2021 na kuziuza mwishoni mwa 2022 alipata hasara, kwa sababu viwango vya riba vilikuwa vimepanda sana, na riba sokoni ikipanda, bei ya hati za zamani hushuka. Nunua hati ya muda ambao unaweza kuusubiri.

Asiye na nafasi kwenye akaunti ya kustaafu namwelekeza kwenye I bonds, hati za akiba za Hazina ambazo nazo hufuata mfumuko, lakini kodi ya serikali kuu unaweza kuiahirisha mpaka siku ya kuzikomboa, hata kama ni miaka 30. Kikomo ni dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka, mume na mke kila mmoja na chake. Mwaka wa kwanza huwezi kuzigusa kabisa, na ukizikomboa kabla ya miaka 5 unapoteza riba ya miezi 3 ya mwisho.