Kipandikizi kwa Mtoto Ambaye Bado Anakua

Mtoto wa miaka mitano anayewekewa chuma mguuni leo hatakuwa na mguu ule ule mwakani. Ncha ya gotini ya mfupa wa paja huongezeka takriban milimita 9 hadi 10 kila mwaka, na ncha ya juu ya muundi huongezeka milimita 6 hivi. Katika kila ncha hiyo kuna gegedu la ukuaji, yaani tabaka laini ambako mfupa hurefukia, na magegedu hayo mawili, yaliyokaa juu na chini ya goti, huchangia karibu theluthi mbili ya urefu wote wa mguu. Kwa sababu hiyo, mhandisi anayechukua kipandikizi cha mtu mzima na kukipunguza ukubwa ili kimtoshe mtoto hajabuni kifaa cha mtoto. Amebuni kifaa kitakachomfaa mtoto huyo kwa miezi michache, kisha kianze kumbana au kumwachia.

Wabunifu wamelijibu tatizo hili kwa njia tofauti, kulingana na kiungo. Koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, huwa imefikia ukubwa wa mtu mzima mtoto anapozaliwa, lakini fuvu linaloizunguka halijafikia. Hivyo waya wa kipandikizi cha kusikia huachwa na ziada iliyokunjwa, ili usivutwe na kutoka mahali pake fuvu linapopanuka. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kinachotokana na maji kujaa kwenye ubongo naye huwekewa mpira wa kuyateremsha maji hadi tumboni, na kipande kirefu kuliko anachohitaji huachwa tumboni ili kinyooke kadiri anavyorefuka. Kwa watoto ambao mifupa yao huvunjika kirahisi tangu kuzaliwa, madaktari Bailey na Dubow walieleza mwaka 1963 fito ya chuma yenye vipande viwili, kimoja ndani ya kingine, inayorefuka ndani ya mfupa kama antena ya redio.

Katika ukanda wetu wa Moshi na Arusha, ningependa kukaa zaidi kwenye kifaa kimoja kidogo, kwa sababu kinahusu tatizo ambalo wazazi wengi hapa wanalifahamu, yaani miguu iliyopinda. Baadhi ya mito na chemchemi zinazozunguka Mlima Meru zina floridi inayopita mbali miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive upesi nayo hubeba floridi. Floridi ikizidi kwa miaka mingi huchafua meno kwa rangi ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto hudhuru mifupa pia, hasa pale chakula kinapopungukiwa na kalisi, hadi mtoto akapata matege au magoti yanayogongana. Hapa lazima niwatulize wazazi wa watoto wadogo: matege kabla ya miaka miwili, na magoti kukaribiana katika umri wa miaka mitatu au minne, mara nyingi ni hatua za kawaida za ukuaji. Mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, upindaji ukizidi badala ya kupungua, au mtoto akilalamika maumivu, hapo ndipo apelekwe kliniki ya mifupa bila kusubiri.

Mwaka 1949 daktari Walter Blount wa Marekani alieleza namna ya kunyoosha mguu wa mtoto bila kuukata mfupa, kwa kupigilia pini ngumu upande mmoja wa gegedu la ukuaji. Pini hizo zilibana sana, na nyingine zilichomoka au kuvunjika. Mwaka 2007 daktari Peter Stevens wa Utah alichapisha matokeo ya kifaa chepesi zaidi, ambacho ni bamba dogo lenye matundu mawili na skrubu mbili, moja ikiingia juu ya gegedu na nyingine chini yake. Bamba zima hukaa juu ya ncha ya kidole gumba. Kwa mtoto mwenye matege huwekwa upande wa nje wa goti, likauzuia upande huo usikue huku upande wa ndani ukiendelea, na mguu ukanyooka polepole kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Jambo ninalolipenda katika ubunifu huu ni kwamba skrubu hazikufungwa zikawa kitu kimoja na bamba. Zimeachiwa nafasi ya kuinama, ncha zake zikiachana kadiri mfupa unavyokua. Daktari anapotazama eksirei ya miezi sita baada ya upasuaji, mwinamo wa skrubu humwambia kama mfupa unaitika.

Kazi yote hapo hufanywa na ukuaji wa mtoto mwenyewe. Ukuaji wa mifupa ya miguu hukoma kwa wasichana karibu na miaka 14 na kwa wavulana karibu na miaka 16, na familia inayosubiri hadi hapo hubakiwa na njia ya kukata mfupa na kuupanga upya, ambayo ni upasuaji mkubwa zaidi. Bamba pia haliwezi kuponya chanzo. Gegedu lililodhoofishwa na floridi au kwa kukosa kalisi na vitamini D halikui ipasavyo, na mguu ulionyooshwa unaweza kupinda tena. Ngurdoto, nje kidogo ya Arusha, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kuchuja maji ya kunywa na kupikia. Kwangu mimi maji hayo ni sehemu ya matibabu sawa na bamba lenyewe.

Kuhusu madini, wengi hudhani kwamba titani ni bora daima kwa kuwa ni nyepesi na mwili huikubali. Mfupa wa mtoto huikubali mno, hukua na kuishika, na siku ya kuitoa daktari huhangaika. Chuma cha pua hutoka kwa urahisi zaidi, na skrubu zake zisizo na tundu katikati zimesaidia watoto wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa Blount (ugonjwa wa gegedu la juu la muundi unaoleta matege), ambao baadhi yao walivunjikiwa na skrubu za titani zenye tundu. Kwa mtu mzima, chuma kushikwa na mfupa ni faida. Kwa mtoto ambaye chuma chake lazima kitolewe, ni kikwazo.

Nasema lazima kwa sababu bamba halijui kwamba mguu umeshanyooka. Likiachwa, huendelea kuzuia upande ule ule hadi mguu upinde kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo mtoto hupaswa kuonekana kliniki kila baada ya miezi mitatu hivi, na mzazi anayetoka Simanjiro au Ngorongoro hulipa nauli ya watu wawili na kuacha mifugo au shamba kila mara. Anapoona mtoto anatembea vizuri, ni rahisi kuamini kwamba kazi imekwisha. Sikubaliani na wanaomlaumu mzazi huyo. Safari ya kurudi ni sehemu ya kifaa, na mbunifu asiyeihesabu ameacha kazi nusu. Vijana wanaosomea uhandisi wa tiba katika ukanda huu wana swali la kweli hapa: je, inawezekana kutengeneza bamba linaloachia lenyewe pembe inayotakiwa ikifikiwa? Hata jambo dogo kama kichwa cha skrubu lina uzito wake. Viwanda havitumii bisibisi ya aina moja, na hospitali isiyo na bisibisi inayolingana inaweza kukiharibu kichwa cha skrubu na kugeuza upasuaji mfupi kuwa mrefu.

Wakati mwingine ubunifu bora ni ule unaoepusha kipandikizi. Mpira wa kuteremsha maji ya kichwani umeokoa watoto wengi tangu fundi John Holter wa Marekani alipobuni vali ya silikoni mwaka 1956 kwa ajili ya mwanawe Casey, lakini karibu mipira 4 kati ya 10 wanayowekewa watoto hushindwa kufanya kazi ndani ya mwaka wa kwanza, na mtoto aliye mbali na hospitali anaweza kufa kabla ya kufikishwa. Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliunganisha utoboaji wa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na uchomaji wa tishu inayoyatengeneza, na watoto wengi wachanga wakaweza kuishi bila mpira wowote.

Mzazi ambaye mtoto wake amewekewa chuma aombe kwenye karatasi ya ruhusa iandikwe aina ya kifaa, kiwanda kilichokitengeneza, ukubwa wake na mwezi kinaotarajiwa kutolewa, na aitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Baada ya bamba kutolewa, mtoto aendelee kuletwa kliniki hadi amalize kukua, kwa kuwa mguu unaweza kurudi ulikotoka, hasa kwa aliyenyooshwa akiwa bado mdogo, na bamba linaweza kuhitajika tena.