Grainda ndogo, diski kubwa

Pita kwenye karakana za Unga Limited, Arusha, utasikia fundi akimwambia kijana wake aliyeshika grainda ndogo, mashine ya mkono ya kukatia chuma: "Toa hiyo kava, funga diski ya inchi 9, itakata haraka." Sivyo. Grainda hiyo ndogo, ya diski ya inchi 4 na nusu, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Sasa soma karatasi iliyobandikwa kwenye diski ya inchi 9 (nani huisoma?): mwisho wake ni mara 6,600 hivi, ukingo ukikimbia mita 80 kwa sekunde. Ukiifunga kwenye grainda ndogo, ukingo huo unapita mita 130. Diski inaweza kupasuka vipande usoni pako, na kava iliyopaswa kuvizuia iko chini ya meza.