Matema: tunayoyaamini kuhusu ufukwe wetu

"Ufukwe ni Zanzibar na Bagamoyo, sisi Mbeya tuna baridi tu." Kauli hii huisikia kila likizo, na huniuma. Teremka kutoka Uyole, upite Tukuyu kwenye chai na migomba, ukifika Kyela utavua sweta mwenyewe. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa halifiki 500. Matema, kijiji kilicho ncha ya kaskazini ya ziwa hilo, kuna mchanga, na Milima ya Livingstone imesimama palepale juu ya maji.

"Ziwa halina mawimbi." Ziwa la zaidi ya kilomita 550 si bwawa. Upepo wa kusini ukivuma, hasa Mei hadi Agosti, huyasukuma mawimbi urefu wote huo hadi kwetu kaskazini. Ukikuta wavuvi wameivuta mitumbwi yote juu mchangani, na wewe usiingie.

"Aliyezoea bahari, ziwani ataelea tu." Chumvi ndiyo iliyokuwa ikimwinua. Huku atachoka mapema.

"Kichocho ni cha madimbwi machafu, Matema maji ni maangavu." Hapa ndipo wengi tunapoumia. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hata usipomeza tone. Huwa vingi saa za jua kali, na konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo kaa mbali na matete. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Wapo pia wanaomeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, jioni ileile wakidhani wamemaliza kazi, kumbe dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha komaa, si michanga iliyoingia leo. Kapime baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hujisikii chochote.

Kuhusu mamba, waulize wenyeji kabla ya kusogelea mdomo wa mto wowote.

"Ukishaoga, hakuna cha kutazama." Jumamosi tembea hadi Lyulilo, kwenye gulio la vyungu vya Wakisi, ambavyo kina mama wa kijiji cha Ikombe hufinyanga kwa mikono. Mama mmoja alinifundisha kukigonga chungu kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa. Kizima kililia kama kengele. Chenye ufa kilitoa sauti nzito, fupi, akakirudisha nyuma yake bila kuniambia bei.