Madoa ya Kahawia Kwenye Meno: Kwa Nini Mswaki Hauyaondoi

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru akihamia mkoa mwingine hukuta watu wakimtazama meno, na wapo wanaomuuliza waziwazi kama huwa anapiga mswaki. Swali hilo linaudhi, na kitabibu halina msingi. Madoa ya kahawia yaliyo kwenye meno ya wakazi wengi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida si uchafu, kwa kuwa kasoro inayoyaleta iliumbwa pamoja na jino, lilipokuwa bado limefichika ndani ya taya.

Chanzo ni floraidi. Maji ya chemchemi na visima katika ukanda wa Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano yenye madini hayo kwa wingi, na ingawa Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, viko vyanzo huko vinavyovuka kiwango hicho mara kadhaa. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza mzigo huo. Floraidi inapozidi mwilini mwa mtoto, enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, haikomai sawasawa na hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na mistari myeupe kama chaki, kisha vitundu hivyo hufyonza rangi ya chakula na vinywaji hadi weupe ule ukawa kahawia.

Si kila jino lililobadilika rangi lina tatizo hilo. Daktari hulikausha jino kwa hewa na kuangalia: mistari ya floraidi hukata jino kwa upana, na meno ya kulia hufanana na wenzake wa kushoto. Jino moja tu likigeuka kijivu, hasa baada ya kuanguka au kupigwa, huenda kiini chake kimekufa, na hilo lisisubiri hata kama haliumi. Madoa yanayojikusanya kandokando ya fizi na kwenye mianya kwa kawaida ni ya chai, kahawa, tumbaku au mirungi, nayo huondoka kwa kusafishwa kliniki. Zipo pia dawa za kuua bakteria za jamii ya tetrasaiklini, ambazo huacha mikanda ya kijivu au kahawia kwenye meno yanayoumbika. Ndiyo sababu mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hawapewi.

Kinachotusikitisha kliniki ni meno yaliyosuguliwa kwa mchanga, majivu, mkaa au ndimu. Enameli iliyolika hairudi, na sehemu ya jino iliyo chini yake ni ya manjano zaidi, kwa hiyo msuguaji hupata ganzi ya meno na rangi mbaya kuliko ya mwanzo. Madoa mepesi daktari anaweza kuyapunguza kwa kukwangua juujuu kwa dawa maalumu, au kuyang'arisha kwa peroksaidi chini ya uangalizi; yaliyokolea hufunikwa kwa resini yenye rangi ya jino. Kuchonga jino zima la kijana ili livikwe kofia liwe jambo la mwisho kabisa. Na asiyesumbuliwa na madoa yake halazimiki kutibiwa.

Dawa ya meno yenye floraidi isiachwe, kwani inazuia kuoza. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema.

Kinga dhidi ya floraidi iliyozidi inahitajika hadi mtoto afikishe miaka 8 hivi, na miaka 3 ya mwanzo ndiyo inayoamua zaidi sura ya meno ya mbele. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na kukolea zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, na panapokosekana mvua upo mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi kama kichujio cha kaya. Mkaa huo huchoka, hivyo ubadilishwe kwa wakati. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, lakini uji wa kumlikiza mtoto upikwe kwa maji yaliyochujwa au ya mvua, bila magadi.